Injini zote mbili zilikuwa nzima

Kila ninapotaja helikopta mbele za watu, swali la kwanza ni lile lile: je, injini ikizima angani? Msimu wa kampeni, chopa ikitua kwenye uwanja wa mpira na vumbi limetanda, hakosi mtu nyuma yako wa kusema kile kidude hakina mabawa, kikizima kinadondoka kama nazi. Naandika kwa sababu naamini hofu yetu tumeiweka pasipo pake, na penyewe panapostahili kuogopwa tunapapita bila kupaona.

Nazi haina cha kuushikia upepo. Helikopta inacho. Utotoni Tanga tulisuka vititia kwa makuti ya mnazi. Unakichoma mwiba katikati, unashika kijiti, unakimbia kuukabili upepo wa kusi, nacho kinazunguka mpaka kijiti kinatetemeka mkononi. Upepo ndio uliokizungusha. Pangaboi la darini ni kinyume chake: umeme unalizungusha, nalo linaisukuma hewa chini.

Helikopta yenye injini inayofanya kazi ni pangaboi. Injini ikizima, rubani anashusha mara moja kolektivu, ule wenzo wa mkono wa kushoto unaobadilisha mlalo wa mapanga yote kwa pamoja. Ndege inaanza kushuka, hewa inapita mapangani kutoka chini kwenda juu, na pangaboi linageuka kititia. Kati ya injini na mapanga kuna kifaa kinachofanya kazi kama friwili ya baiskeli: ukiacha kukanyaga pedali, gurudumu linaendelea. Karibu na ardhi rubani anainua pua ili kupunguza mwendo, kisha anauvuta ule wenzo na kuitumia kasi iliyobaki mapangani ili aguse ardhi taratibu. Kasi hiyo hutumika mara moja tu, haikopesheki. Marubani huuita ushukaji huu otorotesheni, na hakuna anayepewa leseni bila kuufanyia mazoezi.

Tarehe 21 Juni 1972 Mfaransa Jean Boulet alipanda na helikopta aina ya Lama hadi mita 12,442, zaidi ya mara mbili ya kimo cha Kilimanjaro. Alipopunguza nguvu ili ashuke, injini ikazima, na kwa baridi ya huko juu haikuwaka tena. Alishuka kwa kititia njia nzima, akatua salama. Ni kweli kuna hali ambazo otorotesheni haiokoi, hasa ukiwa chini na mwendo wako ni mdogo, kwa sababu hapo huna kimo wala kasi ya kubadilisha. Lakini kwa sehemu kubwa ya safari, injini kuzima ni hatari ambayo wahandisi wameitafutia jibu.

Sasa tuje kwenye gia boksi. Injini huzunguka maelfu kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, mapanga mamia machache tu. Gia boksi kuu ndiyo inayopunguza kasi hiyo, na kutoka humo humo hutoka shafti inayopeleka nguvu kwenye panga la mkiani, lile linalozuia kiwiliwili cha ndege kisizunguke kinyume na mapanga. Injini unaweza kuweka mbili. Gia boksi kuu ni moja, na inaishi kwa oili.

Tarehe 12 Machi 2009, helikopta aina ya Sikorsky S-92 iliondoka St. John's, Newfoundland, nchini Kanada, ikiwapeleka wafanyakazi kwenye mitambo ya mafuta baharini. Ndani walikuwa watu 18. Saa nne kasorobo asubuhi onyo likatokea: presha ya oili ya gia boksi imeanguka. Marubani waligeuza kurudi nchi kavu, wakashuka hadi futi 800, wakaendelea kwa kimo hicho. Mwongozo wa ndege ulisema presha ikianguka kiasi kile, tua mara moja, na juu ya bahari maana yake ni kutua majini. Ila geji ya joto haikupanda. Yeyote aliyewahi kuendesha gari anatarajia oili ikipungua joto lipande, nao walitarajia hivyo. Kumbe kihisio cha joto hupima oili, na oili ikishaisha hakina cha kupima. Geji ilitulia pale pale huku gia zikisagana kavu.

Zilipita kama dakika 11. Meno ya pinioni, ile gia ndogo inayopeleka nguvu mkiani, yakalika, panga la mkiani likakosa nguvu. Injini zote mbili zilikuwa nzima, na ilibidi zizimwe, kwa sababu bila panga la mkiani nguvu zake ndizo zingeisokota ndege. Wakaingia kwenye otorotesheni wakiwa chini ya futi 800, mzunguko wa mapanga ukashuka kupita kiwango, ndege ikapiga maji kwa kishindo. Walikufa watu 17. Mmoja akapona.

Kinachoniuma zaidi kiko kwenye cheti. Kanuni ya Marekani ya kuthibitisha helikopta kubwa za abiria ilitaka gia boksi iweze kufanya kazi kwa dakika 30 baada ya kupoteza oili, isipokuwa kama upotevu huo ni jambo lililo mbali mno kutokea. Hayo maneno ya mwisho ndiyo mlango. Agosti 2002 gia boksi ya S-92 ilijaribiwa bila oili, ikafa baada ya dakika kama 11. Mtengenezaji akaweka vali ya kuifanya oili ikikwepe kipoza, kile kifaa cha kuipoza, kwa hoja kwamba kwenye kipoza na mabomba yake ndiko oili inakoweza kuvuja. Kuvuja kwingine kote kukahesabiwa kuwa mbali mno. Mamlaka ikakubali. Desemba mwaka huo huo ndege ikapata cheti.

Oili ya Newfoundland haikutokea kwenye kipoza. Ilitokea kwenye bakuli la filta, lililoshikiliwa na bolti tatu za titani. Mbili zilikatika. Na lililotajwa kuwa mbali mno lilikuwa limeshatokea Julai 2008, huko Australia, ambako S-92 nyingine ilikatika bolti hizo hizo na ikawahi kutua. Januari 2009 mtengenezaji alitoa taarifa kwamba zibadilishwe ziwekwe za chuma, akatoa muda wa mwaka mmoja au saa 1,250 za kuruka. Baada ya vifo, mamlaka ya Marekani iliamuru zibadilishwe kabla ndege haijaruka tena.

Mbona zilikatika? Filta ilibadilishwa mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa, nati zile zile zikarudishwa, nyuzi za bolti zikakwaruzana mpaka nati zikawa hazikazi sawasawa. Baba yangu alikuwa fundi wa malori. Nati ya kujibana akishaifungua aliitupa kwenye kopo la vyuma chakavu, na mwanafunzi aliyeiokota ili airudishe alitumwa dukani kwa miguu juani. Niliposoma sehemu ile ya ripoti ya wachunguzi wa Kanada, kopo lile ndilo lililonijia.

Ripoti ilitaja mambo 16 yaliyochangia, kwa hiyo sitaki kumtwika mtu mmoja mzigo wote. Lakini msimamo wangu ni huu: kipimo kilichofanyika hakipaswi kufutwa na makadirio. Jaribio lilikuwa limeshasema dakika 11. Badala ya tarakimu hiyo kumfikia rubani ikiwa imeandikwa wazi, ilifunikwa na maneno. Wahandisi watajibu kwamba haiwezekani kuthibitisha kila hitilafu kwa kipimo, kwamba ndege ingekuwa nzito isiyoruka. Nawaelewa. Kama ni dakika 11, basi iandikwe 11 kwenye mwongozo, na anayeruka juu ya bahari apange safari yake kwa 11.

Wachunguzi walipendekeza maneno "mbali mno" yaondolewe kwenye kanuni ya dakika 30. Ulaya ilibadilisha kanuni yake mwaka 2018, ikataka uwezo wa dakika 30 uthibitishwe. Ila kanuni mpya hushika miundo inayoomba cheti sasa. Helikopta iliyokwisha kupata cheti chake huendelea kuruka kwa masharti ya siku ile ilipokipata. Kwa hiyo mtu akiniuliza tena kuhusu injini, namwonyesha kititia. Kisha namwambia amuulize rubani gia boksi ya ndege hii ilijaribiwa bila oili kwa dakika ngapi.