Rangi ya risasi kwenye nyumba kuukuu: ikwanguliwe au ifunikwe?

Mwenye nyumba kuukuu akiambiwa kwamba rangi yake ina madini ya risasi, wazo linalomjia kwanza ni kuikwangua yote, tena haraka. Anaona sumu imo ndani na mtoto yumo ndani, kwa hiyo kimoja lazima kitoke. Hata hivyo, wataalamu wa jambo hili wamevutana kwa miaka mingi. Wapo wanaotaka rangi yote iondolewe, na wapo wanaosema rangi isiyobanduka ifunikwe na iangaliwe mara kwa mara.

Wanaotaka iondolewe wana hoja nzito. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza karibu nusu ya risasi anayoimeza, wakati mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi tu. Madhara yake kwenye ubongo hayarudi nyuma. Jaribio kubwa la saksima, dawa ya kutoa risasi mwilini, lililochapishwa Marekani mwaka 2001 lilionyesha kwamba dawa ile ilishusha risasi kwenye damu ya watoto, lakini alama zao za uwezo wa akili hazikupishana na za wenzao ambao hawakupewa. Kama tiba haimrudishii mtoto alichopoteza, kuiacha sumu ukutani ni kumchezea bahati yake. Tena kifuniko hakidumu. Bomba likivuja au fundi akitoboa ukuta kutundika kabati, rangi ya zamani inatoka tena.

Wa upande wa pili hujibu kwa mambo yaliyotokea kwenye miji ya Boston na Baltimore, Marekani, miaka ya 1980. Nyumba zilisafishwa kwa kukwangua rangi ikiwa kavu na kuichoma kwa moto. Kazi ilipokamilika vumbi la risasi lilikuwa limeongezeka, na damu za watoto waliokuwa humo zilionyesha risasi zaidi kuliko mwanzo. Rangi iliyotulia ukutani ilikuwa imegeuzwa unga wa kuvutwa puani na kulambwa vidoleni. Kuna pia suala la gharama. Fedha inayomalizikia kwenye nyumba moja ingeweza kutengeneza madirisha ya nyumba kadhaa, na mwenye nyumba akilazimishwa kukwangua kila kitu anaweza kuona heri awafukuze wapangaji wenye watoto.

Naona pande zote mbili zinazungumza kana kwamba rangi ina tabia moja nyumba nzima, na si kweli. Tazama dirisha la mbao la kupandisha na kushusha. Kila linapofunguliwa, mbao mbili zenye rangi husuguana, na unga mwembamba hudondoka kwenye kizingiti. Kizingiti hicho kiko usawa wa mdomo wa mtoto anayejifunza kusimama. Hushika pale, huchungulia nje, kisha mkono huenda kinywani. Hakuna aliyekula ganda la rangi, na ukuta wa chumba hauna hata ufa. Daktari Lockhart Gibson wa Queensland, Australia, aliliona jambo hili mwaka 1904, alipowaeleza wenzake kwamba watoto wa huko walikuwa wakipata sumu kutokana na rangi ya vizuizi vya baraza na ya kuta za vyumba.

Kwa hiyo ningegawa kazi. Madirisha na milango inayosuguana ing'olewe au ikwanguliwe, pamoja na mbao zozote ambazo mtoto anaweza kuzitafuna. Ukuta mkavu usiobanduka ubaki chini ya rangi mpya au ubao. Kazi ifanyike kwa kulowesha, sakafu ikiwa imetandikwa plastiki, na watoto na wajawazito wawe wamehama. Fundi anayekuja na msasa mkavu au moto wa gesi arudishwe, hata kama bei yake ni nusu ya wengine. Baada ya hapo ni kudeki na kufuta kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio unarusha vumbi tu. Chakula chenye madini ya chuma na kalisi husaidia kupunguza ufyonzaji, ila hakifungi dirisha linalomwaga unga.

Wengine husema damu ya mtoto ipimwe kwanza, nyumba iguswe baadaye. Kupima ni muhimu, lakini ikiwa ndicho kipimo pekee, mtoto ndiye anageuzwa kifaa cha kupimia nyumba. Marekani wameshusha kiwango cha kuchukuliwa hatua kutoka mikrogramu 10 kwa desilita ya damu mwaka 1991 hadi 5 mwaka 2012, kisha 3.5 mwaka 2021. Namba hizo za karibuni zimewekwa ili kuwatambua watoto waliozidi wenzao, si kusema kwamba aliye chini yake yuko salama. Vumbi la sakafuni na kizingitini linaweza kupimwa maabara kabla ya mtoto kuhamia.

Kwenye nyumba za kupanga ndipo ninapoelekea kwa wakwanguaji. Kifuniko kinahitaji mtu wa kukikagua kila mwaka na kuziba panapofumuka. Mwenye nyumba anayekaa humo na wanawe atafanya hivyo. Anayekuja kukusanya kodi tu ni vigumu kumtegemea, na mpangaji mpya huenda hata hajui kuna nini chini ya ile rangi nyeupe.