Panki si kiduku tu

Kuna mwandishi anayesema panki, yaani mfuasi wa muziki wa roki uitwao punk, ni "mtu aliyenyoa kiduku". Hapo kinyozi kamdanganya. Neno lenyewe, punk, ni kongwe: katika Kiingereza cha enzi za Shakespeare lilimaanisha kahaba, baadaye Marekani likawa kuni iliyooza ya kushikia moto, kisha kijana mhuni asiye na faida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waandishi wa muziki wa huko wakalibandika kwenye bendi za magitaa ya fujo. Kufikia 1976, New York na London, vijana wakalivaa tusi hilo kama beji.

Sare ya mwanzo ilikuwa nywele fupi zilizokatwa ovyo, fulana iliyochanwa na pini za kufungia nepi. Kiduku kirefu kilishamiri miaka ya 1980, nacho hakisimami kwa jeli ya kawaida: ina maji mengi, uzito unazilaza nywele. Walitumia ute wa yai, sabuni au gelatini iliyoyeyushwa kwa maji moto. Unainamisha kichwa, unapaka kuanzia shinani, unakausha kwa draya fungu baada ya fungu. Maji ya sukari nayo hushika, ila jasho likitoka yananata, na nzi hawakosi.