Mtoto Wetu Yuko Marekani, Ila Cleveland

Ukitaka kupima heshima yako kwenye ukoo, waambie unaishi Cleveland. Anayeishi New York wazee wanamwekea kiti. Wa Los Angeles vijana wanamzunguka, wanamuuliza kama amewahi kupishana na wacheza sinema. Mimi nikisema Cleveland, Ohio, panakuwa kimya, halafu shangazi mmoja anauliza kwa sauti ya kumpa mkono mfiwa: "Sasa hapo, mwanangu, na Marekani ni mbali?"

Kwenye harusi ya mdogo wangu kule Tanga, MC alishika kipaza sauti akanitambulisha: "Kaka wa bibi harusi, kutoka New York!" Vigelegele. Nikamfuata pembeni nikamwambia, ndugu yangu, mimi natoka Cleveland. Akanitazama, akashusha sauti: "Kaka, najua. Ila familia wamesema tusiseme."

Familia! Watu ninaowatumia hela! Hela za Cleveland zinapokelewa bila shida yoyote, jina la mji ndilo linawakwama kooni.

Na si wa kwetu tu. Hata Wamarekani wenyewe, ukimtajia mtu Cleveland anacheka kwanza, kisha anauliza: "Si ndiko mto uliwaka moto?" Ndiyo, uliwaka. Tarehe 22 Juni 1969 mafuta na takataka zilizokuwa zikielea juu ya Mto Cuyahoga zilishika moto, madaraja ya reli yakaungua, zimamoto wakaja, haikufika nusu saa kwisha habari. Nusu saa! Nina jirani akigombana na mumewe anawaka kuanzia magharibi mpaka alfajiri, na hakuna aliyewahi kumwandika. Moto wenyewe ulizimwa upesi mno hata wapiga picha hawakuuwahi. Jarida la Time lilipoandika habari hiyo likatoa picha ya moto mwingine wa mto huo huo, wa mwaka 1952. Yaani tunasimangwa zaidi ya miaka hamsini kwa picha ya tukio jingine! Mto wa Buffalo uliwaka 1968, Mto Rouge kule Detroit ukawaka 1969 hiyo hiyo. Umewahi kusikia mtu akiwasema? Aa wapi. Mto ni wa Cleveland tu.

Na faida ya ule moto wamekula wote. Meya wetu wakati huo alikuwa Carl Stokes, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuongoza mji mkubwa wa Marekani. Kesho yake akawabeba waandishi wa habari, akawatembeza mtoni waone uchafu kwa macho yao. Kelele zile zikachangia: 1970 nchi ikapata idara ya kulinda mazingira, 1972 ikapata sheria ya usafi wa maji. Mito ya Marekani nzima imeogeshwa kwa aibu yetu, na asante hatujapewa. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba samaki wa Cuyahoga sasa wanalika. Mimi sijawala. Nataka tu ijulikane ruksa ipo.

Ila nisiseme uongo, mji nao una kiherehere cha kujitafutia masimango. Miaka mitatu baada ya mto kuwaka, meya mwingine, Ralph Perk, alialikwa kufungua mkutano wa watu wa vyuma. Badala ya kukata utepe kwa mkasi kama viongozi wengine, akapewa mtambo wa kukatia chuma kwa moto. Cheche zikaruka, nywele zikawaka. Mto, kisha nywele za meya! Ukija 1978, mji ukashindwa kulipa mikopo yake benki. Halafu kuna Browns, timu yetu ya mpira wa Kimarekani. Msimu wa 2017 walicheza mechi 16 wakafungwa zote 16. Timu nyingine mashabiki wangejificha. Wetu, Januari 2018, kwenye baridi ya kupasua midomo, wakaandaa maandamano ya kusherehekea, wakazunguka uwanja ili mzunguko wao uwe sifuri. Watu wa namna hiyo unawateteaje ukweni?

Na baridi sitaisamehe. Asubuhi unatoka na beleshi kulitafuta gari ulilolipaki mwenyewe. Halafu kuna hili la chumvi, ambalo nikiwasimulia watu wa pwani wanadhani nimechanganyikiwa. Tuna ziwa, Erie, kubwa mpaka ng'ambo huioni. Maji yake hayana chumvi hata chembe. Chumvi iko chini ya ziwa, karibu mita 550 kwenda chini, na huko kuna mgodi. Watu wanashuka, wanaichimba, wanaipandisha, inamwagwa barabarani kuyeyusha theluji, inapanda kwenye bodi ya gari langu na kulitafuna taratibu. Fundi akiingia uvunguni anatoka ananiangalia kwa huruma.

Sasa nikimaliza kulalamika, niambie wewe unayeishi mji wenye jina: makumbusho ya sanaa unalipa shilingi ngapi? Ya kwetu ilifunguliwa 1916 kwa kauli kwamba ni ya watu wote milele, na mpaka leo mlangoni hakuna wa kukudai kitu. Ndani kuna michoro ya Caravaggio, kuna ya Monet, kuna mavazi ya vita ya chuma mpaka ya farasi. Nje ameketi yule Mwenye Kufikiri, sanamu ya Rodin. Mwaka 1970 alitegewa bomu, miguu ikararuka. Makumbusho wakaamua wasimtengeneze, wakamrudisha hivyo hivyo. Yupo pale, miguu hana, anafikiri. Siku ambazo bili zimeongozana napenda kwenda kumtazama.

Treni ya kutoka uwanja wa ndege mpaka katikati ya mji tunayo tangu 1968, wa kwanza Amerika ya Kaskazini. Taa za umeme za kuongozea magari ziliwashwa hapa tarehe 5 Agosti 1914, makutano ya Euclid na barabara ya 105 Mashariki. Superman alibuniwa na vijana wawili wa mtaa wa Glenville. Anaruka dunia nzima na hakuna anayeuliza kwao wapi! Soko la West Side liko pale tangu 1912, nyama ya kondoo unachagua kwa macho yako, muuzaji anakubishia kidogo, roho inatulia.

Vyote hivi vimetoka wapi? Ni matajiri wa zamani. Rockefeller alianzisha kampuni yake ya mafuta, Standard Oil, hapa 1870, chuma na meli zikaleta fedha, wenye fedha wakajenga makumbusho, ukumbi wa orkestra, bustani. Kisha viwanda vikafa. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 914,808. Sensa ya 2020 ikakuta 372,624. Waliohama hawakubeba makumbusho. Sisi tuliobaki tunajitanua kwenye mji uliopimiwa watu laki tisa, na maegesho tele. Upande wa mashariki kuna mitaa ya nyumba zilizopigwa mbao madirishani, na umaskini upo wa kweli, huo haufutwi na picha za Monet. Lakini mtu wa kipato changu, ambaye kwingine angepanga stoo, hapa ana nyumba na ua na mti.

Ndiyo maana la binamu yangu linaniuma. Yeye yuko New York, kwenye chumba ambacho friji inafunguka nusu kwa sababu kitanda kinaizuia. Kwa miaka yote salamu yake kwangu ni "Vipi, mto umezimika?" Juzi kapiga simu, sauti imelainika. "Mdogo wangu, hivi nyumba huko kwenu zinaendaje bei?"

Jasho likanitoka. Maana nimeshaelewa: hili jina baya ndilo linalonishushia kodi. Siku binamu akija atamwambia mwenzake, mwenzake atamwambia shemeji yake, na baada ya muda tutakuwa tunagombania maegesho kama wao. Nikamwambia, kaka, mto bado unawaka, hasa wikiendi. Nikamwambia kuna wakati theluji inafika dirishani, ukitaka kutoka unampigia simu jirani. Kuhusu makumbusho nikanyamaza kabisa.

Akasema anataka kuja ajionee. Nikamsihi aje Februari, ndiyo mji unapendeza. Akacheka, kaniambia tiketi ameshakata, anakuja Juni. Juni! Mwezi ambao jua linazama ziwani saa tatu usiku na ufukwe wa Edgewater umejaa watu wanakula aiskrimu. Nimekaa natafuta kitu kibaya cha kumwonyesha, na msimu wa Browns hauanzi mpaka Septemba.