Sikuvamiwa na Majambazi, Nilikuwa Napumzika

Mwenzangu wa bao ameshairusha habari kwenye kundi la wastaafu. Yake ina majambazi wanne, panga, na mimi nikilia "niacheni, nina wajukuu". Acha niseme mwenyewe kabla haijafika Pangani. Majambazi hawakuwapo. Panga lilikuwa kisu cha samaki. Na wajukuu sikuwataja, meno yangu ya mbele yalikuwa kwenye glasi chumbani, kwa hiyo nilichosema na kilichosikika ni vitu viwili tofauti. Tutafika huko.

Mnajua tangu nistaafu nafanya yoga kwa ajili ya magoti na presha. Mwalimu wetu msimamo wake ni mmoja: ukishavuka sitini, fanya kidogo ambacho utaweza kukifanya hata ukiwa na themanini. Nusu saa mara tatu kwa wiki, tumbo lisiwe limetoka kula, pumzi isizuiwe, ukuta au kiti kiwe karibu. Mkao wowote unaokufanya ukunje uso, umeshaupita mpaka wako. Mimi nikaona kwa kuwa siku hiyo ni ya kupumzika tu, hakuna mpaka wa kupita.

Mkao wenyewe unaitwa supta baddha konasana. Unakaa chini, nyayo zinabanana, magoti yanakwenda kila moja upande wake, halafu unalala chali juu ya mto mrefu unaoanzia nyuma ya kiuno hadi kichwani. Chura aliyelala chali, basi. Ili miguu isiteleze inashikiliwa na mkanda. Unapita nyuma kwenye ule mfupa bapa chini ya kiuno (siyo kiunoni penyewe, utaumia), unakuja mbele juu ya nyonga, unashuka upande wa ndani wa mapaja, juu ya miundi, kisha chini ya nyayo. Mambo haya ya mikanda, viti na matofali yalipata umaarufu kwa Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune, India, aliyefariki 2014 akiwa na miaka 95. Mzee yule alikuwa na mkanda wenye bizimu. Mimi nilikuwa na fundo.

Mkanda wa dukani una mita 2.4 hivi. Kanga moja ni mita moja na nusu, haitoshi. Lakini doti ambayo haijakatwa ni mita tatu, na kabatini kwa mama watoto ilikuwapo moja mpya kabisa, bado inanuka duka, imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nikaisokota kwa urefu, nikafunga. Fundo likawa linanigonga kwenye kifundo cha mguu, nikalizungusha likaenda nyuma. Nikalilalia.

Wanaofanya yoga naona mmeshashika vichwa. Ndiyo, bizimu hukaa ubavuni, kati ya nyonga na mguu, mkono uifikie bila kuinuka. Ndiyo, chini ya kila paja huwekwa mto, la sivyo paja linaning'inia hewani na nyonga inavutwa muda wote. Na ndiyo, mwalimu alisema dakika tano. Mimi nilijitandika kitambaa machoni, kama inavyofundishwa, nikalala dakika ishirini.

Kilichoniamsha ni ganzi. Nikajaribu kujiinua kwa kuvuta visigino kwa nguvu kuja kwangu. Hapo ndipo nilipojimaliza. Msuli wa nyuma ya paja ukiwa umeshafupika kwa goti kukunjwa, halafu uuamrishe uvute zaidi, unakaza palepale. Ukanibana. Dawa yake kila mtu anaijua: nyoosha goti polepole, msuli urefuke. Sasa ninyoosheje, na nyayo zimefungwa kwenye nyonga kwa doti nzima?

Nikajibiringisha. Nikaanguka kutoka kwenye mto, ubavu wa kushoto, shavu kwenye sakafu. Nikapeleka mikono yote miwili mgongoni kutafuta fundo. Pamba iliyosokotwa na kulaliwa na kilo tisini haifunguki, imekuwa jiwe.

"Hodi!"

Nikanyamaza. Akiona kimya ataondoka.

"Hodi humu!"

Msuli ukakaza tena, nikatoa sauti ambayo sijawahi kuitoa, kitu kati ya mbuzi na pikipiki inayokataa kuwaka. Hodi ya tatu ikaingia na mwenyewe: shoga wa mke wangu, nyumba ya pili, amekuja kurudisha kisu walichoazima Ijumaa.

Hebu tazameni kwa macho yake. Mzee wa miaka 63, singlendi na bukta, uso sakafuni, kitambaa machoni, mikono nyuma, miguu imefungwa, anagugumia. Mto umetupwa kando.

"Shemeji! Wamekufunga!"

"Ni yoga," nikasema. Bila meno.

"Yoka? Nani Yoka? Wezi jamaniii! Yoka kamfunga shemeji!"

Nikasikia mtaa mzima ukivaa ndala. Nikasikia pia ubaridi wa chuma ukiingia kati ya kanga na muundi wangu. Nikapiga kelele kwa nguvu zote, "Usikate!" Fanyeni jaribio, bila meno ya mbele, shavu sakafuni. Kinachotoka ni "kate".

Akakata.

Msuli uliachia mara moja, hilo lazima niseme. Nikasahau kila nililofundishwa: geuka ubavu wa kulia, vuta pumzi chache, jisukume kwa mkono, piga goti, shika kiti. Mimi niliruka wima kuzuia watu. Ukitoka chini ghafla hivyo damu inabaki miguuni, na ya kwangu ilikuwa na ganzi juu yake. Macho yakaingia giza, nikamwangukia mjumbe wa nyumba kumi aliyekuwa anaingia na rungu.

Yaliyofuata ni mafupi. Vijana wamemtafuta Yoka hadi barabara kuu. Mwalimu amecheka dakika tatu nzima kwenye simu, kisha akauliza kuhusu mito ya magotini. Mama watoto hakucheka. Doti ile ilikuwa ya sare ya harusi ya Jumamosi. Kanga moja imepona. Ya pili imegawanyika katikati: MGENI NJOO huku, MWENYEJI APONE kule.

Yeye amechukua MWENYEJI APONE, anashikia sufuria. Mimi nimepewa MGENI NJOO. Ukikikunja kwa upande mrefu kinatoka mkanda wa sentimita 110, unatosha kuzungushia unyayo nikiwa nimeketi kitini, goti nikilinyoosha taratibu. Kitini, mlango wazi, na meno mdomoni.