Biashara Hupita, Mazungumzo Hubaki Mlangoni

Tarehe 29 Juni 2012, mjini Tegucigalpa, Honduras, Umoja wa Ulaya na nchi sita za Amerika ya Kati walitia saini mkataba wenye sehemu tatu: mazungumzo ya kisiasa, ushirikiano na biashara. Sehemu ya biashara ilianza kutumika mwaka uliofuata. Mkataba wote ulianza kutumika tarehe 1 Mei 2024, karibu miaka 12 baada ya saini.

Hilo linaniuma. Na si mara ya kwanza. Pande hizohizo zilikuwa zimesaini mjini Roma, tarehe 15 Desemba 2003, mkataba wa mazungumzo na ushirikiano peke yake, usio na ushuru wala bidhaa ndani yake. Huo nao ulikaa bila kuanza kutumika hadi Mei 2014.

Sababu ya kisheria naijua. Biashara iko mikononi mwa Umoja wenyewe, kwa hiyo Bunge la Ulaya likikubali, meli zinaondoka. Mambo ya siasa na ushirikiano hugusa mamlaka ya kila nchi mwanachama, hivyo kila bunge la taifa lazima liridhie. Utaratibu huo ni wa haki, na sitaki ufutwe. Ninachokataa ni uvivu unaojificha nyuma yake: mkataba unalala miaka bila kujadiliwa, si kwa sababu kuna anayeupinga, bali kwa sababu hakuna anayeudai. Wafanyabiashara wana watu wa kugonga milango ya wabunge. Kifungu cha haki za binadamu kilichomo katika mikataba hii hakina mtu wa namna hiyo.

Tukumbuke uhusiano huu ulianzaje. Septemba 1984, mawaziri wa mambo ya nje wa Ulaya walikwenda San José, Costa Rica, kukutana na wenzao wa Amerika ya Kati. El Salvador na Guatemala zilikuwa vitani, Nicaragua ikipigana na waasi waliofadhiliwa na Marekani. Hawakwenda kuuza kitu. Walikwenda kuunga mkono suluhu ya mazungumzo wakati Washington ilikuwa imeegemea bunduki. Miaka mitatu baadaye marais wa eneo hilo walisaini makubaliano ya amani yaitwayo Esquipulas II, na Rais Óscar Arias wa Costa Rica akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sifa kubwa ni ya Waamerika ya Kati wenyewe, lakini kuwa na rafiki wa mbali anayesema "endeleeni kuzungumza" si jambo dogo mtu anapozungukwa na silaha.

Wapo wanaosema kuridhia mkataba na serikali inayokandamiza watu wake ni kuipa heshima isiyostahili. Hoja hii ina uzito. Nicaragua ilizima maandamano ya 2018 kwa damu, watu zaidi ya 300 wakafa, na mwaka 2022 ikamfukuza balozi wa Umoja wa Ulaya. Mkataba wa 2003 ulikuwa tayari unafanya kazi na haukuzuia lolote. Hata hivyo, kifungu cha haki za binadamu kilichoridhiwa kinampa mtetezi wa haki kitu cha kushika: serikali yake yenyewe iliweka saini. Bila hicho, anabaki na malalamiko tu.

Sasa jambo hili linarudi kwa sura nyingine. Septemba 2025 Kamisheni ya Ulaya iliwasilisha mkataba na Mercosur, jumuiya ya kibiashara ya nchi za Amerika ya Kusini, ukiwa umegawanywa sehemu mbili: waraka wa biashara usiohitaji mabunge ya mataifa, na waraka mpana, wenye siasa na ushirikiano, unaohitaji yote. Kinachonitisha ni huo wa pili. Wa kwanza ukishapita, nani atakuwa na haraka tena? Ningependa kila serikali inayousaini huo wa pili itaje, siku hiyohiyo, tarehe ya kuupeleka bungeni kwake, na wapiga kura waiandike mahali.