Nilichelewa Miaka 700

Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza na mfupi: usaili wa kazi ya kutafsiri, Jumanne, "noon". Ofisi yenyewe iko Posta, Dar es Salaam.

Neno nilikuwa nalijua. "Noon" ni mchana. Tatizo ni mchana wa kwetu: unaanza jua linapochoma utosi na unakwisha muuza chapati wa jioni anapowasha jiko. Ukimwalika mtu mchana anaweza kufika saa sita, anaweza kufika saa tisa, na wote wawili wamewahi. Nilitaka saa kamili.

"Si uwapigie uwaulize?" mke wangu akasema, huku anachambua mchele.

Yaani naomba kazi ya kutafsiri, halafu nipige simu kuuliza neno la herufi nne? Nikaivuta kamusi kubwa ya Kiingereza niliyorithi kwa mjomba. Haina jalada, na herufi A yote imekwenda na mchwa, ila N ilikuwa nzima. Mtu mwenye akili zake angesoma maana. Mimi nikairuka, nikaenda kwenye asili ya neno: Kilatini, "nona hora", saa ya tisa.

Nikapiga paja. Kila kitu kilikaa mahali pake! Warumi walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, kama sisi, kwa hiyo saa yao ya tisa ndiyo saa tisa yetu ya alasiri. Hata kwenye Matendo ya Mitume, Petro na Yohana wanakwenda hekaluni saa ya kusali, saa tisa, na hakuna Mswahili aliyewahi kujumlisha wala kutoa. Usiku ule nililala usingizi wa profesa.

Jumanne, saa nane na dakika arobaini, niko mapokezi. Shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali ya wembe. Dada wa mapokezi alikuwa anafuta vidole mafuta ya chipsi mayai.

"Usaili? Kaka, wenzako wameshakwenda nyumbani."

Mama mwenye ofisi akatoka na kikombe chake cha chai. "Tulikuandikia noon. Saa sita."

Hapo nilitakiwa kusema foleni. Foleni ya Dar haijawahi kumtupa mtu. Mimi nikamwambia mama wa watu kwamba kwa haki kabisa, ofisi ndiyo iliyowahi, na nikatoa simu nimsomee ushahidi kwa sauti. Saa ya tisa, ndiyo. Watawa wa Ulaya walikuwa na sala yao ya saa hiyo, ndiyo, na siku za mfungo walisubiri ipite ndipo wale. Baadaye sala ikaanza kurudishwa nyuma kidogo kidogo (njaa hiyo, hata mtawa ana tumbo), na neno likaifuata. Hapo sauti yangu ilianza kupungua yenyewe. Kufika karne ya 14, nikasoma kwa kunong'ona, "noon" ilikuwa imeshazoeleka kuwa saa sita.

Mama akanywa chai, funda moja, taratibu.

"Na 'afternoon' inaanza baada ya nini?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Sasa niandike umechelewa saa tatu," akauliza, "au miaka 700?"

Dada wa mapokezi akainama chini ya meza, eti anatafuta kalamu. Meza nzima ikawa inatikisika.

Mama alikuwa na huruma. Aliniambia nirudi Alhamisi, kisha akafikiri, akageuza wasifu wangu na kuchora saa nyuma yake, kama tulivyochorewa darasa la pili: duara, mshale mrefu juu, mfupi kwenye 8. "Usifungue kamusi," akasema.

Nikarudi nyumbani na ile karatasi, nikampa mke wangu. Akaishika, akaigeuza huku na huku.

"Hii saa mbili," akasema, "ni ya asubuhi au ya usiku?"