Kwenye Mnada wa Mtandaoni Unanunua Picha Kwanza

Sarafu ya kwanza niliyoshinda kwenye mnada wa mtandaoni ilikuwa halisi kabisa, na bado nilipata hasara. Ilikuwa dola ya fedha ya Marekani ya aina ya Morgan, ya mwaka 1881, iliyotengenezwa San Francisco. Kwenye picha iling'aa kama maji ya mtungini juani. Tulikuwa watatu tunaoshindana dakika za mwisho, mimi nikapandisha dau mara nne, na saa ilipokwisha nilifurahi kupita kiasi.

Ilipofika niliipima. Uzito gramu 26.7, upana milimita 38.1, sawasawa na inavyotakiwa. Ndipo nilipochukua kioo cha kukuzia. Kwenye shavu la yule mwanamke anayewakilisha Uhuru kulikuwa na mistari myembamba, mingi, yote imeelekea upande mmoja. Kuna mtu aliyeisugua kwa dawa ya kung'arishia vyombo ili ipendeze. Kwa mkusanyaji, sarafu iliyosuguliwa imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na hakuna fundi wa kuirudishia.

Nataka nieleze kwa nini picha ilinidanganya, kwa sababu hapo ndipo mnunuzi anapoweza kujikinga. Sarafu inapogongwa kwa muhuri, metali yake husukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mikondo midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mikondo hiyo ndiyo inayoipa sarafu ambayo haijatumika mng'ao wake: ukiigeuza chini ya taa, mwanga huzunguka juu yake kama spoki za gurudumu la baiskeli. Ukiisugua, mikondo inafutika. Itabaki kuwaka, lakini mwanga wake hautembei. Sasa picha ni kitu kilichotulia. Haiwezi kukuonyesha mwanga unaotembea.

Tangu siku hiyo najiambia kwamba kwenye mnada wa mtandaoni nanunua picha na maneno ya muuzaji. Sarafu yenyewe nitainunua baadaye, siku nitakapoishika mkononi, nikaipima, na nikiwa bado na haki ya kuirudisha. Anayenyimwa haki hiyo analipia kitu ambacho hajakiona.

Kwa hiyo huwa naomba video fupi, sarafu ikigeuzwa polepole chini ya taa moja. Naomba na picha ya ukingo, na picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, namba zikisomeka. Muuzaji mwenye mali safi hukasirika mara chache sana kwa maombi haya, maana naye anajua yanamsaidia kuuza. Anayejibu kwamba hana muda, au anayeendelea kutuma picha ileile, namwacha hata kama sarafu imeniingia moyoni.

Wengi wanaogopa bandia, nao wana haki. Bandia za siku hizi si zile za kumimina kwenye kalibu, zenye vitundu vya hewa na mshono ukingoni. Nyingine hugongwa kwa mashine nzuri, kwa mihuri iliyonakiliwa kutoka sarafu halisi. Lakini zina aibu moja ambayo mtandao umetusaidia kuifichua. Sarafu halisi hupata makovu yake katika safari zake yenyewe, kwa hiyo hakuna mbili zenye kovu lilelile mahali palepale. Muhuri ulionakiliwa hunakili na makovu ya sarafu mama. Ukikuta sarafu mbili za mwaka mmoja, kwa wauzaji wawili tofauti, zote zina kidonda kilekile chini ya kidevu, fahamu kwamba zina mama mmoja. Mimi hutumia muda mwingi kupekua kumbukumbu za minada iliyopita kutafuta mapacha wa namna hii, na nimewakuta zaidi ya mara moja.

Mizani na sumaku zinasaidia, ila zisiaminiwe kupita uwezo wake. Fedha na dhahabu hazivutwi na sumaku, kwa hiyo dola ya fedha ikinasa, mjadala umekwisha. Isiponasa, bado hujajua kitu, kwa sababu shaba na risasi nazo hazinasi. Namba za uzito ni lazima uwe nazo kabla ya kuweka dau: dola ya Morgan ni gramu 26.73, na sovereign ya dhahabu ya Uingereza ni gramu 7.99 kwa upana wa milimita 22.05. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo. Ikipungua gramu mbili nzima, hiyo ni habari nyingine.

Kuna udanganyifu mwingine ambao hata mizani haiugusi, kwa kuwa sarafu yenyewe ni njema na uongo uko kwenye maelezo. Mfano wangu ni thaler, sarafu kubwa ya fedha, ya Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu yake ikaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya karne mbili, Vienna na hata London, Paris, Roma na Bombay, zote zikiwa na mwaka 1780. Kwa hiyo muuzaji anapoandika kwamba sarafu yake ina zaidi ya miaka 240 kwa sababu tu mwaka umeandikwa, ama hajui anachouza, ama anategemea kwamba wewe hujui. Waliobobea hutofautisha matoleo kwa vitu vidogo kabisa, kama manyoya ya tai na lulu za pambo la nguo lililoko begani.

Wakati mwingine thamani yote imebebwa na herufi moja. Dime, yaani senti kumi, ya Marekani ya mwaka 1916 iliyotengenezwa Denver ilitoka 264,000 tu, wakati ya Philadelphia ya mwaka huohuo ilipita milioni 22. Tofauti yake machoni ni herufi D ndogo upande wa nyuma. Ndiyo maana watu hubandika D kwenye sarafu ya kawaida. Kwa sarafu za aina hii sinunui kamwe ikiwa haijakaguliwa na kufungwa kwenye kasha na kampuni inayotambulika.

Makasha hayo nayo yanahitaji macho. Kampuni mbili za Marekani za kukagua sarafu, PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, hupanga hali ya sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70, huku kila kasha likiwa na namba yake. Wajanja hughushi kasha zima na kunakili namba ya kweli ya sarafu nyingine. Watu wengi huingiza namba kwenye tovuti ya kampuni, wakiona imekubali wanaridhika. Haitoshi. Kama kuna picha ya sarafu hiyo kwenye tovuti, ifungue, uilinganishe na ile inayouzwa, doa kwa doa.

Halafu kuna saa. Naamini kwa dhati kwamba wanunuzi wengi huumizwa na saa ya mnada kuliko wanavyoumizwa na matapeli. William Vickrey, mwanauchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alionyesha kwamba katika mnada ambao mshindi hulipa bei ya mshindani anayemfuata, lililo bora ni kutaja thamani ya kweli unayoiona wewe, mara moja. Minada mingi ya mtandaoni inafanana sana na hali hiyo: unaweka kikomo chako cha juu, mfumo unakupandishia kidogokidogo kadiri inavyohitajika. Basi andika kikomo chako kwenye karatasi ukiwa umetulia, siku moja kabla. Kitoe kwenye bei ambazo sarafu kama hiyo zimeuzwa kweli, usitazame bei ambazo wauzaji wanatamani. Na ukumbuke ada ya mnunuzi. Kwenye nyumba kubwa za mnada inaweza kufika asilimia 20 au kupita, maana yake dau la 1,000 unalilipa 1,200, na bado posta, bima na ushuru wa forodha vinasubiri.

Ukiona akaunti changa inayopandisha dau kwa bidhaa za muuzaji mmoja tu, na haishindi kamwe, jiondoe. Huyo huenda ni muuzaji mwenyewe au rafiki yake.

Kuhusu malipo sina maneno mengi. Usilipe nje ya mfumo wa mnada, hata ukiahidiwa punguzo. Njia ya kulipa iwe ile inayokuruhusu kudai fedha zako, kama kadi ya benki yenye ulinzi wa mnunuzi. Ukishindwa mnada, kisha mtu akakuandikia faragha kwamba mshindi amejitoa na sarafu ni yako ukituma fedha leo, chunguza kama ujumbe huo umetoka ndani ya akaunti yako ya mnada. Kama umekuja kwa barua pepe peke yake, usiujibu.

Kifurushi kikifika, washa kamera ya simu kabla ya kukifungua na urekodi mpaka sarafu ikae juu ya mizani. Usiitoe kwenye kasha, usiisafishe, usiifute hata kwa kitambaa laini. Sarafu uliyoigusa namna hiyo ni vigumu kuirudisha, na muuzaji atakuwa na haki ya kukataa.

Jambo linaloniudhi ni kwamba kazi yote hii ameachiwa mnunuzi. Sioni kwa nini mwenye jukwaa la mnada, anayekata kamisheni kwa kila mauzo, ashindwe kumlazimisha muuzaji ajaze uzito, aweke picha ya ukingo na atoe angalau siku saba za kurudisha sarafu yoyote isiyo na cheti. Mifumo hiyohiyo inamlazimisha muuza viatu aandike namba ya kiatu. Wakusanyaji wapya wanaingia kwa mapenzi tu, wanaungua mara moja, wanaacha kabisa, na tunabaki sisi wachache tunaolalamika kwamba vijana hawapendi sarafu.

Ile dola ya 1881 ninayo bado. Kila ninapotaka kuweka dau kwa sarafu ya fedha huitoa kwenye droo, nikaigeuza chini ya taa mara mbili tatu nitazame mwanga wake uliokufa, kisha nafungua tena video ya muuzaji.